Teshome Gabriel: Msomi aliyemwona mfugaji kuwa mwalimu wa sinema

PICHA za Kaskazini Mashariki mwa Kenya zinazofika kwenye televisheni zetu huwa aghalabu za aina mbili. Ya kwanza ni ya uwanda mpana usio na mtu, ambao mtazamaji huambiwa kuwa ni nyika tupu. Ya pili ni ya uso wa mama au mtoto uliosogezwa karibu mno, macho yakilengwalengwa na machozi, na nyuma yake mzoga wa ng'ombe.

Msomi aliyetumia maisha yake kueleza kwamba picha za namna hiyo hazitokani na ufundi wa kamera peke yake alizaliwa ng'ambo ya mpaka, nchini Ethiopia. Naye ni Profesa Teshome Gabriel, mhakiki na mwanafalsafa wa sinema aliyefariki Juni 2010 mjini Los Angeles, Marekani, akiwa na umri wa miaka 70.

Wanafunzi wa filamu Ulaya na Marekani humsoma hadi leo. Huku kwetu jina lake halijatoka sana nje ya kumbi za vyuo vikuu, ilhali ni vigumu kupata eneo linalohusika na maandishi yake kuliko ukanda wa wafugaji unaoanzia kingo za mto Tana mjini Garissa na kupanda hadi Wajir na Mandera.

Teshome (Waethiopia humwita mtu kwa jina lake la kwanza, nasi tutafuata desturi hiyo) alizaliwa Septemba 24, 1939 huko Ticho, katika nyanda za juu za Arsi. Mwaka 1962 alisafiri kwenda Marekani kwa masomo.

Alisomea sayansi ya siasa na kisha vyombo vya kufundishia katika Chuo Kikuu cha Utah. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, maarufu kama UCLA. Huko alianza kufundisha mwaka 1974, na mwaka 1979 akatunukiwa shahada ya uzamifu.

Ikumbukwe kwamba 1974 ndio mwaka ambao Mfalme Haile Selassie aling'olewa mamlakani na wanajeshi wa Derg. Teshome aliishi na kufanya kazi Marekani hadi kifo chake, na suala la mtu aliye mbali na kwao, anayebeba nchi yake kwa kumbukumbu tu, halikuondoka katika maandishi yake.

UCLA ya miaka hiyo ilikuwa na kundi la vijana weusi waliochoshwa na Hollywood. Miongoni mwao walikuwemo Charles Burnett, Julie Dash, Larry Clark na Mwethiopia Haile Gerima, ambaye mwaka 1976 alitoa filamu ya Kiamhari, Harvest: 3,000 Years, kuhusu wakulima waliokandamizwa na bwanyenye mwenye ardhi. Kundi hilo lilikuja kuitwa Uasi wa Los Angeles, na Teshome alikuwa mmoja wa walimu waliowapa msingi wa nadharia.

Msingi wenyewe ulikuwa Sinema ya Tatu. Jina hilo lilibuniwa na waelekezi wawili wa Argentina, Fernando Solanas na Octavio Getino, katika ilani yao ya mwaka 1969. Kwao, sinema ya kwanza ni ya Hollywood, ya pili ni ya msanii anayejieleza nafsi yake, na ya tatu ni ya ukombozi.

Teshome alilichukua wazo hilo na kulipanua katika kitabu chake cha mwaka 1982, Third Cinema in the Third World. Alishikilia kwamba Sinema ya Tatu haitambuliwi kwa mahali ilikotengenezwa wala rangi ya aliyeitengeneza, bali kwa msimamo wake. Kwa kipimo hicho, filamu inaweza kupigwa Garissa na mzaliwa wa Garissa, kwa Kisomali fasaha, na bado uti wake wa mgongo ukawa wa Hollywood.

Makala yake yanayonivutia zaidi yanahusu Xala, filamu ya mwaka 1975 ya Ousmane Sembène wa Senegal. Humo tajiri aliyeneemeka baada ya uhuru anaoa mke wa tatu, na usiku wa harusi anagundua kuwa nguvu za kiume zimemtoka. Mwishowe ombaomba aliowadharau wanamtemea mate mwilini.

Wahakiki wengi wangetafuta kifaa cha kuichambulia filamu hiyo mjini Paris. Teshome alikitafuta kwao Ethiopia, katika ushairi wa jadi wa nta na dhahabu. Sonara hufinyanga nta, huizungushia udongo, kisha humimina dhahabu mahali nta ilipoyeyuka. Vivyo hivyo shairi huwa na maana ya juu inayochekesha au kusifu, na ya ndani inayochoma. Nta ya Xala ni kichekesho cha bwana harusi aliyeaibika. Dhahabu yake ni udhaifu wa tabaka zima lililorithi viti vya wakoloni bila uwezo wa kuzalisha chochote. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa kwa mafumbo hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Katika makala mengine ya miaka ya 1980 alishughulikia lugha ya kamera yenyewe. Alieleza kwamba picha ya karibu humtenga mtu na kuifanya dhiki yake kuwa ya nafsi yake pekee, ilhali picha pana na ndefu humweka pamoja na jamii na ardhi yake. Ndiyo maana, alisema, filamu nyingi za Ulimwengu wa Tatu hazina haraka, na shujaa wake huwa umma.

Hoja hiyo ina uzito Afrika Mashariki. Mwaka 1939 Uingereza ilianzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na kiongozi wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu ya kawaida, hivyo apewe picha za polepole na za jambo moja moja. Alichokihesabu Sellers kuwa upungufu wa akili, Teshome alikiona kuwa njia nyingine ya kutazama, yenye mantiki na historia yake.

Mwaka 1988 aliandika insha iliyompa sifa kubwa, kuhusu ujumi wa kuhamahama na sinema huru ya watu weusi. Humo mfugaji anayehama si masalio ya kale yanayongoja kustaarabishwa, bali ni mwenye falsafa yake kuhusu nafasi, wakati na mali. Hajengi makumbusho, urithi wake huutia kichwani na kutembea nao. Teshome aliwataka watengenezaji filamu wawe vivyo hivyo, wasiojifunga kwa mipaka ya nchi wala ya mitindo.

Hapa ndipo mtu wa Garissa angetikisa kichwa kukubali. Nyumba ya Wasomali wafugaji, aqal, hujengwa na wanawake, hubomolewa na kupakiwa juu ya ngamia, na kusimamishwa kwingine. Aidha, Kisomali hakikuwa na hati rasmi hadi mwaka 1972, lakini mashairi yake marefu yalihifadhiwa vichwani na kusafiri kutoka kisima hadi kisima. Uwanda ambao kamera ya mgeni huuonyesha kuwa mtupu una majina, malisho na mashairi.

Hata hivyo, mtu huyo huyo angekuwa na swali kwa profesa. Mhamaji wa insha huvuka mipaka kwa wepesi usiojulikana Kaskazini Mashariki. Serikali ya kikoloni iliifunga wilaya hiyo na kudai vibali vya kuingia na kutoka. Hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 haikuondolewa hadi 1991, na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni kuthibitisha uraia wao. Kwa maoni yangu, Teshome alimpenda mno mhamaji kama mfano, akamsahau anayesimamishwa kizuizini na kuulizwa kitambulisho. Nadharia yake haivunjiki kwa hilo, ila inahitaji kusomwa na watu wa Garissa, si Los Angeles pekee.

Zipo filamu mbili ambazo hakuwahi kuziona na ambazo zingemshughulisha. Watu Wote, filamu fupi ya mwaka 2017 iliyoelekezwa na Mjerumani Katja Benkrath na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, inasimulia shambulio la Desemba 21, 2015 karibu na El Wak, ambapo Waislamu waliokuwa kwenye basi la Mandera walikataa kutengwa na abiria wenzao Wakristo. Filamu inaanza na mwanamke mmoja na hofu zake, kama Hollywood ipendavyo, lakini tukio lenyewe linamshinda nguvu mwandishi wake, na shujaa anageuka kuwa basi zima.

Ya pili ni Scarred: The Anatomy of a Massacre, ya Mkenya Judy Kibinge, kuhusu mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Teshome aliwahi kuiita Sinema ya Tatu mlinzi wa kumbukumbu za umma, katika makala yaliyochapishwa mwaka 1989, wakati ambapo kuyataja mauaji hayo hadharani kulikuwa hatari nchini. Kibinge anawapa kamera walionusurika, nao wanasimulia wenyewe yaliyotendeka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2015, miaka 31 baada ya mauaji na mitano baada ya Teshome kuaga dunia.