Comenius: Neno na Kitu Chake

Jan Amos Komenský, ajulikanaye zaidi kama Comenius, alizaliwa mwaka wa 1592 huko Moravia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo. Vita vya kidini vilimfanya mkimbizi kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Shule za zama zake zilimkaririsha mtoto Kilatini kwa viboko, asijue maneno yale yanataja nini. Kwa Comenius, neno lisilotanguliwa na kuona au kugusa lilikuwa ganda tupu. Hata hivyo, hakulitupa neno, na hapa ndipo wengi humwelewa visivyo. Kitabu chake *Orbis Sensualium Pictus*, kilichochapishwa Nuremberg mwaka wa 1658, kilikuwa na picha zipatazo 150. Kila kitu pichani kilipewa nambari iliyolingana na jina lake katika maelezo ya Kilatini na Kijerumani. Jicho na ulimi vilifunzwa pamoja.

Miaka miwili kabla, mji wa Leszno, Polandi, alikoishi, uliteketezwa. Humo iliungua miswada ya kamusi ya Kicheki, lugha ya mama yake, aliyoishughulikia kwa zaidi ya miaka 40. Mwanafunzi yeyote wa lugha aweza kukadiria uchungu huo. Comenius alifariki Amsterdam mwaka wa 1670, kamusi ile akiiomboleza bado.