Röntgen: Aliyewapa madaktari jicho la kuona mifupa

MAUMIVU ya kiuno yanapomwamsha kijana usiku kwa miezi kadhaa, chanzo huenda kikawa uvimbe katika viungo viwili vinavyounganisha uti wa mgongo na mifupa ya nyonga. Viungo hivyo vimejificha ndani mno, na ni vigumu kwa daktari kuvichunguza kwa mkono. Aliyefungua njia ya kuvitazama bila kisu ni mwanafizikia Mjerumani, Wilhelm Conrad Röntgen.

Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845, mjini Lennep, akalelewa Uholanzi. Alipokuwa shuleni Utrecht, alifukuzwa kwa kukataa kumtaja mwenzake aliyechora kikatuni cha kumkejeli mwalimu. Alikosa cheti cha kumwingiza chuo kikuu, lakini mnamo 1865 chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, kilimpokea. Miaka minne baadaye akahitimu shahada ya uzamifu.

Jioni ya Novemba 8, 1895, katika maabara yake mjini Würzburg, aliona bamba lililopakwa kemikali likimetameta, ilhali neli ya umeme iliyokuwa karibu ilikuwa imefunikwa kwa karatasi nzito nyeusi. Miale hiyo ngeni akaiita X. Desemba 22 aliupiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha. Ikaonekana mifupa na pete.

Mnamo 1901 alitunukiwa Tuzo ya kwanza ya Nobel ya Fizikia. Fedha zake alikipa Chuo Kikuu cha Würzburg, wala hakudai hakimiliki ya uvumbuzi wake. Alifariki Munich Februari 10, 1923, kutokana na saratani ya utumbo, wakati mfumuko wa bei ulipokuwa umemeza akiba yake.

Kwa miale hiyo, madaktari waliweza kuona kingo za viungo vya nyonga zilizolika na mifupa iliyoshikamana. Vigezo vya New York vilivyorekebishwa mwaka 1984 viliifanya eksirei kuwa shahidi mkuu wa ugonjwa wa kukakamaa kwa uti wa mgongo.

Hata hivyo, shahidi huyo huchelewa. Dalili hizo zaweza kuchukua miaka kujitokeza, huku mgonjwa akiambiwa picha yake haina kasoro. Ndiposa vigezo vya kimataifa vya 2009 vikakubali pia picha za MRI, ambazo huonyesha uvimbe kabla mfupa haujaharibika.

Hata hivyo, eksirei ingali hatua ya kwanza kwa wagonjwa wengi. Wema hauozi.