Frank Parsons: Mwasisi wa Ushauri wa Kazi

Ushauri wa kazi unapotajwa kama taaluma, jina la Frank Parsons ndilo hutangulia. Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyewafunza wengine namna ya kuteua kazi, yeye mwenyewe alitangatanga kutoka kazi moja hadi nyingine kwa takriban umri wake wote.

Parsons alizaliwa tarehe 14 Novemba 1854 huko Mount Holly, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell na kuhitimu mwaka wa 1873, kabla hajatimiza miaka 19. Aliajiriwa na kampuni ya reli, lakini mwaka uo huo uchumi wa Marekani uliporomoka na kampuni ikafilisika. Mhandisi akawa kibarua katika kiwanda cha chuma. Baadaye alifundisha shule, kisha akajitosa katika sheria na kufaulu mtihani wa uwakili mwaka wa 1881. Hata hivyo, alidurusu kupita kiasi hata afya yake ikazorota, ikambidi akae New Mexico kwa muda wa miaka mitatu hivi ili apate nafuu.

Alipofika Boston, uwakili haukumvutia tena. Aliandika vitabu vya sheria, akawa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Boston, na mwaka wa 1895 akagombea umeya wa jiji hilo bila mafanikio. Mwaka wa 1897 alienda kufundisha katika chuo cha kilimo cha Kansas, lakini miaka miwili baadaye akaachishwa kazi kufuatia mabadiliko ya kisiasa katika jimbo hilo.

Misukosuko hii ndiyo iliyomfungua macho. Mtaa wa North End jijini Boston ulikuwa umejaa wahamiaji kutoka Italia, Urusi na kwingineko, ambao watoto wao walishika kazi yoyote iliyojitokeza, mradi mkono uende kinywani. Katika nyumba ya huduma za jamii iliyoongozwa na Meyer Bloomfield, Parsons alianzisha masomo ya jioni kwa wafanyakazi mwaka wa 1905. Mnamo Januari 1908, kwa ufadhili wa Pauline Agassiz Shaw, alifungua afisi ya ushauri wa kazi.

Utaratibu wake ulijengwa juu ya nguzo tatu: kwanza, kijana ajifahamu, yaani vipawa vyake, mapenzi yake na udhaifu wake, pili, azifahamu kazi, mahitaji yake, ujira wake na matarajio yake, tatu, ayapime hayo mawili kwa pamoja kwa akili razini. Kijana aliulizwa maswali zaidi ya 100, akatakiwa kuyatafakari kwanza nyumbani. Aidha, Parsons alishikilia kuwa mshauri hana haki ya kumwamulia mtu kazi. Wajibu wake ni kumwangazia njia tu.

Si kila alichokifanya kilichostahimili wakati. Kwa mfano, alizingatia hata umbo la kichwa cha anayeshauriwa, imani iliyovuma zama zake lakini ambayo sayansi imeitupilia mbali. Isitoshe, wakosoaji wameonyesha kwamba uhuru wa kuteua hauna maana kubwa pale ambapo kazi zenyewe ni haba. Parsons, aliyewahi kutupwa nje na kufilisika kwa kampuni, aliujua ukweli huo; ndiyo maana alipigania pia mageuzi ya kiuchumi.

Alifariki tarehe 26 Septemba 1908, kabla afisi yake haijatimiza mwaka mmoja. Kitabu chake kuhusu uteuzi wa kazi kilichapishwa mwaka wa 1909, naye hayupo kukiona. Mwaka wa 1913 chama cha kitaifa cha ushauri wa kazi kiliundwa nchini Marekani, na zile nguzo tatu zikaenea duniani.

Kwa mwanafunzi anayejaziwa fomu ya chuo na jamaa zake, au anayedharauliwa kwa kuteua Kiswahili, maisha ya Parsons yana funzo: anayestahili kuulizwa kwanza ni yule atakayeifanya kazi yenyewe.