Linus Pauling na Vitamini C

Bila shaka umewahi kuugua mafua. Pua inaziba, koo linawasha, na kichwa kinauma. Huenda mtu alikushauri ununue vidonge vya vitamini C dukani. Ushauri huo ulienea sana duniani kwa sababu ya mtu mmoja, Linus Pauling wa Marekani. Soma habari za maisha yake. Utaona mambo makubwa aliyoyagundua. Utaona pia jambo moja ambalo aliliamini kupita kiasi.

1. Utoto wa shida

Linus Pauling alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Baba yake alikuwa muuza dawa. Baba huyo alifariki mwaka 1910, Linus akiwa na miaka 9. Mama alibaki na watoto watatu. Ili wapate chakula, alipangisha vyumba na kupika kwa ajili ya wapangaji. Linus naye alifanya vibarua.

Siku moja rafiki yake alimwonyesha jinsi vitu vinavyochanganywa vinavyoweza kugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Elimu ya mambo hayo huitwa kemia. Tangu siku hiyo Linus aliipenda kemia.

Aliacha shule ya sekondari bila kupata cheti, kwa sababu hakumaliza somo moja la historia. Hata hivyo chuo kilimpokea mwaka 1917. Mama yake alikuwa mgonjwa na fedha zilikuwa haba, kwa hiyo aliacha masomo kwa muda akafanya kazi. Kisha alirudi, na mwaka 1925 akapata shahada ya udaktari wa kemia. Ile shule ya sekondari ilimpa cheti chake mwaka 1962, akiwa na miaka 61! Unaona, msomaji, kwamba elimu haina mwisho.

Mama yake alifariki mwaka 1926 kwa ugonjwa wa upungufu wa damu. Baadaye wataalamu waligundua kwamba ugonjwa wa aina ile hutokea mwili unaposhindwa kufyonza vitamini B12 kutoka katika chakula.

2. Mambo makubwa aliyoyafanya

Pauling alieleza jinsi chembe ndogo kabisa za vitu zinavyoshikana. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954.

Mwaka 1949 yeye na wenzake walionyesha chanzo cha ugonjwa wa selimundu. Ugonjwa huu unawasumbua watoto wengi katika Afrika. Mtoto huurithi kwa wazazi wake wote wawili. Pauling na wenzake waligundua kwamba kile kitu chekundu cha damu kinachobeba hewa kina kasoro kwa mgonjwa wa selimundu.

Pauling alipinga pia majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mwaka 1958 alipeleka Umoja wa Mataifa ombi la kuyasimamisha. Wanasayansi zaidi ya 9,000 walikuwa wamelitia sahihi. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1962. Ni mtu pekee aliyepata tuzo mbili za Nobel bila kugawana na mwingine.

3. Anaanza kusifu vitamini C

Vitamini ni vitu vilivyomo katika chakula. Mwili unavihitaji kwa kiasi kidogo tu, lakini ukivikosa unaugua. Mtu akikosa vitamini C kwa muda mrefu, hupata kiseyeye: fizi huvimba na kutoa damu, na vidonda haviponi.

Mbuzi hutengeneza vitamini C mwilini mwake mwenyewe. Binadamu hawezi, ni lazima aile. Pauling aliona kwamba wanyama hutengeneza vitamini hiyo kwa wingi. Kwa hiyo aliamini kwamba binadamu naye anahitaji nyingi sana. Alianza kumeza gramu 3 kila siku. Kumbuka kwamba mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 100, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu moja.

Mwaka 1970 aliandika kitabu. Humo alisema kwamba vitamini C nyingi huzuia mafua na kuyapunguza makali. Watu wengi walikimbilia madukani. Walimwamini kwa sababu alikuwa mtu mwenye sifa.

4. Ukweli wapimwa

Je, mkulima hujuaje kama mbolea fulani ni nzuri? Huchagua sehemu mbili za shamba zinazofanana. Moja huitia mbolea, nyingine haitii. Wakati wa mavuno hulinganisha. Wataalamu nao walifanya hivyo. Kundi moja la watu lilipewa vitamini C. Kundi jingine lilipewa vidonge vinavyofanana navyo, lakini visivyo na kitu.

Mwaka 2013 matokeo ya majaribio mengi ya namna hii yalikusanywa pamoja. Watu zaidi ya 11,000 walihusika. Ilionekana kwamba watu wa kawaida waliomeza vitamini C kila siku waliugua mafua sawa na wengine. Walipougua, walipona mapema kidogo tu. Kwa mtu mzima, mafua ya siku 10 yalipungua kwa muda usiofika siku moja. Walioanza kumeza baada ya kuugua hawakuonyesha faida ya hakika.

Pauling hakubadili mawazo yake. Alifariki tarehe 19 Agosti 1994, akiwa na miaka 93.

5. Tunajifunza nini?

Usidhani kwamba vitamini hazina maana. Surua ni ugonjwa wa virusi unaoenea kwa hewa, na mara nyingi huleta nimonia. Mwaka 1987 wataalamu walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa Mvumi, Dodoma. Watoto 180 wenye surua walitibiwa. Kati ya 88 waliopewa vitamini A, walifariki 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa, walifariki 12. Majaribio mengine yalifuata, na sasa watoto wenye surua hupewa vitamini A na mhudumu wa afya.

Kwa nini vitamini A iliokoa maisha? Wengi wa watoto wale walikuwa wamepungukiwa nayo. Mtungi mtupu ukitiwa maji hujaa. Mtungi uliojaa ukiongezwa maji, humwagika. Vitamini C ikizidi mwilini hutoka na mkojo, na ikizidi mno huleta kuhara.

Kwa hiyo kula mapera, machungwa, mapapai, ubuyu na mboga za majani. Pera moja lililoiva linaweza kumtosha mtu mzima vitamini C ya siku nzima. Usichemshe mboga kwa muda mrefu, maana vitamini C huharibika kwa moto. Mpeleke mtoto kuchanjwa surua. Mgonjwa wa mafua akianza kupumua kwa shida, mpeleke zahanati mara moja, usingoje vidonge vya dukani vimponye.

Mheshimu mtu mwenye elimu, lakini uliza pia: neno lake limepimwa?

Maswali

1. Pauling alipata cheti cha sekondari akiwa na umri gani?
2. Kwa nini watu wengi waliamini maneno yake juu ya mafua?
3. Eleza jinsi wataalamu walivyoipima vitamini C.
4. Kwa nini vitamini A iliwasaidia watoto wa Mvumi?
5. Jadilini darasani: ni vyakula gani vya kijijini kwenu vyenye vitamini C?