Bildad Kaggia, Mtu Aliyeidai Ahadi

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Nyumbani kwetu Mbaraki methali hii nusura ivunje undugu. Tarehe 7 Machi mwaka wa 2025, vyama vya ODM na UDA vilitia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja, pale katika jumba la KICC jijini Nairobi. Jioni hiyo kaka yangu mkubwa, anayefanya kibarua bandarini Kilindini, alirudi uso umemsawijika. Alisema chama chake kimewauza wapiga kura, maana wao waliahidiwa mageuzi ya kweli, hawakuahidiwa viti vya wakubwa. Babu alikuwa amekaa barazani na kikombe chake cha kahawa chungu. Akamwambia asiache mbachao kwa msala upitao, na kwamba aliye nje ya nyumba hawezi kupanga vyombo. Basi hapo moto ukawaka! Wote wawili ni watu wa chama hicho hicho tangu zamani, lakini walizozana hadi chakula kikapoa. Tangu siku ile kaka hakumletea tena babu kahawa.

Baadaye mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alituagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Wenzangu waliwakimbilia Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi na Tom Mboya. Mimi niliingia maktaba, nikakutana na jina ambalo katika somo la historia tunalipita haraka kama matatu inavyopita kituo kisicho na abiria. Jina hilo ni Bildad Kaggia. Nilipoona kuwa alifariki tarehe 7 Machi mwaka wa 2005, yaani miaka ishirini kamili kabla ya ule ugomvi wa barazani kwetu, nilijiambia kuwa huyu ndiye wangu.

Kaggia alizaliwa mwaka wa 1921 huko Dagoretti, karibu na Nairobi. Alisoma katika shule ya misheni ya Kahuhia, Murang'a, kisha akapata kazi ya ukarani serikalini. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto alijiunga na jeshi, akapelekwa Mashariki ya Kati na mwishowe Uingereza. Safari huelimisha, msomaji. Kijana aliyefunzwa kwamba Mzungu ni bwana alikwenda akamwona Mzungu kwao, akatambua kuwa ni binadamu kama yeye. Aliporudi Kenya mwaka wa 1946 hakuwa tena mtu wa kuamkia kila kofia. Aliliacha kanisa la wamisheni akaanzisha dini yake mwenyewe, nayo watu wakaiita Dini ya Kaggia.

Kutoka dini aliingia katika vyama vya wafanyakazi. Huku kwetu Mombasa, Januari mwaka wa 1947, maelfu ya wafanyakazi waligoma, makuli wa bandari wakiwa mstari wa mbele, na mji mzima ukasimama. Kule Nairobi Kaggia aliwaongoza makarani na wafanyakazi wa biashara, akishirikiana na akina Fred Kubai na Makhan Singh. Mwaka wa 1951 yeye na Kubai walishika uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU. Hawa walikuwa vijana waliochoka kuandika barua za kuomba. Waliwaona wazee wa chama kuwa wanakwenda polepole mno, nao wazee wakawaona vijana kuwa wana pupa. Kwa hivyo ugomvi wa babu na kaka haukuzaliwa Mbaraki. Ni wa zamani kuliko Uhuru wenyewe!

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, baada ya hali ya hatari kutangazwa, Kaggia alikamatwa. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Achieng Oneko kwamba waliongoza Mau Mau. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, kule kaskazini kwenye jua na mchanga. Alipoachiliwa mwaka wa 1961, alikuwa amepoteza karibu miaka tisa ya ujana wake.

Mwaka wa 1963 watu wa Kandara walimchagua awe mbunge wao kwa tiketi ya KANU, na serikali ya Kenyatta ikamfanya waziri msaidizi wa elimu. Mtu angedhani kwamba sasa amefika, akae ale matunda ya jasho lake. Lakini Kaggia alikuwa na tabia moja mbaya, kama nilivyosikia mtu mmoja akimsema: hakujua kusahau. Aliikumbuka ahadi ya ardhi.

Ngoja nieleze jambo hili vizuri, kwa sababu hata mimi lilinitatiza mwanzoni. Masetla walipokuwa wakiondoka, serikali ilianzisha mpango wa kununua ekari milioni moja za mashamba yao ili kuwagawia Waafrika. Pesa zilikopwa ng'ambo, nyingi kutoka Uingereza. Mwafrika aliyepewa kipande alitakiwa kukilipia kidogo kidogo pamoja na riba. Kaggia aliuliza ni vipi mtu anunue shamba alilonyang'anywa babu yake. Aliuliza tena, yule aliyekaa msituni na yule aliyekaa kizuizini watatoa wapi hizo pesa? Alitaka maskini wasio na ardhi wapewe bure. Serikali ilijibu kwamba hakuna cha bure, kwamba nchi mpya lazima iheshimu mikataba na mali ya watu, na kwamba uchumi ukivurugika atakayeumia kwanza ni huyo huyo maskini. Kenyatta alimwandikia kumwonya, lakini Kaggia hakunyamaza. Mwezi wa Juni mwaka wa 1964 aliuacha uwaziri msaidizi. Gari na cheo vikaenda, akabaki na kiti chake cha ubunge.

Mwaka wa 1965 mambo yalichacha. Mwezi wa Februari Pio Gama Pinto, mbunge mwenzake wa mrengo wa kushoto, alipigwa risasi na kuuawa mbele ya nyumba yake Nairobi. Mwaka huo huo serikali ilitoa waraka nambari 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Kumbe hata neno ujamaa lilikuwa na wenyewe wawili! Wengine katika KANU walisema huo ndio ujamaa hasa, wengine wakasema ni ubepari uliovishwa kanzu.

Na mwaka huo ndipo Kenyatta alipokwenda Kandara akamsuta Kaggia mbele ya umati, wapiga kura wake wakisikia. Alimuuliza ni kitu gani amejifanyia. Aliwataja wenzao waliofungwa pamoja nao, kwamba huyu ana kahawa shambani, huyu ana nyumba kubwa, huyu ana mabasi, sasa yeye Kaggia ana nini? Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Swali lile lilikusudiwa kumwaibisha, lakini kwangu mimi lilikuwa kama cheti cha tabia njema.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1966 KANU ilifanya mkutano Limuru. Kiti cha Jaramogi Oginga Odinga cha makamu wa rais wa chama kilivunjwa, vikawekwa viti vinane badala yake. Kaggia alikosa kile cha Mkoa wa Kati, akakipata James Gichuru. Muda si mrefu Odinga na wenzake wakatoka na kuunda chama cha KPU, Odinga akiwa rais na Kaggia makamu wake. Bunge likabadilisha katiba haraka haraka ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Ndio ule uchaguzi wa Juni 1966 ulioitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo.

Hebu fikiria, msomaji, wewe ni mkulima wa Kandara asiye na shamba. Unajua Kaggia anasema kweli. Lakini unajua pia kwamba barabara, shule na mikopo viko mikononi mwa KANU, na kwamba Mzee Kenyatta mwenyewe ni KANU. Ukimfuata Kaggia utakuwa na haki lakini huenda usiwe na barabara. Ukibaki utakuwa na barabara, lakini nani atauliza habari ya shamba? Waliobaki na waliotoka wote walitaka kitu kimoja. Walichobishania ni njia tu. Katika viti 29 vilivyogombewa KPU ilipata 9, na Kaggia alishindwa Kandara. Ni kweli kwamba serikali ilikibana sana chama hicho kipya, hata kufanya mikutano ilikuwa taabu.

Mwaka wa 1968 Kaggia alifungwa tena, mara hii na serikali ya Uhuru, kwa kufanya mkutano usio na kibali. Kifungo cha mwaka mmoja kilipunguzwa kikawa miezi sita. Kisha mwaka wa 1969 likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Kaggia aliiacha KPU akarudi KANU! Mwezi wa Oktoba mwaka huo KPU ikapigwa marufuku, na baadaye Kaggia akapewa uenyekiti wa bodi ya pamba.

Nasema kweli, nilikasirika. Nilikuwa nimekwisha mpenda huyu mzee. Nilimwendea babu barazani nikamwambia kuwa shujaa wangu ameniangusha, na nikamuuliza nimalizeje insha yangu. Babu alinyamaza kitambo. Halafu akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu nyumbani.

Alisema mwaka wa 1966 alikuwa wa rika langu. Baba yake alikuwa kuli Kilindini na mtu wa KANU damu, anayeamini kwamba chama kilichotuletea Uhuru kitatuletea na mengine, tusubiri tu. Babu alikuwa upande wa Odinga na Kaggia. Kule Kandara watu wakipiga kura, wao hapa Mombasa wakipigana kwa maneno. Siku moja babu alimwita baba yake mtumwa wa jogoo. Mzee yule hakumpiga wala hakumtukana, aliinuka tu akaingia ndani. Miaka miwili baadaye alifariki, na neno lile halijaombewa radhi hadi leo. Ndipo babu akaniambia kwamba Kaggia aliporudi KANU yeye alilia, si kwa sababu ya Kaggia bali kwa sababu alikuwa amemvunjia baba yake heshima kwa ajili ya chama ambacho hata wenyewe walikihama.

Nilirudi nikasoma tena miaka ya mwisho ya Kaggia. Mwaka wa 1975 kilichapishwa kitabu alichosimulia maisha yake. Hakuwa tajiri. Kule Kandara alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, akiwasagia majirani unga, yeye aliyekuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria. Ardhi aliyoitaka kwa ajili ya maskini hawakuipata bure, na yeye mwenyewe hakujitwalia maelfu ya ekari. Alikuwa ndani ya chama, akatoka, akarudi. Kote huko mfuko wake haukunenepa.

Kwa hivyo maoni yangu mimi ni haya. Kuuliza kama mtu yuko ndani au nje ya serikali hakutoshi. Tuulize kama bado anaidai ile ahadi, na tuulize amejifanyia nini. Kaggia alipotoka aliendelea kuidai. Aliporudi sauti yake ilififia, na hilo ni kosa ambalo siwezi kumfichia. Lakini lile swali la Kandara alilijibu kwa maisha yake yote.

Insha hii nilimsomea kaka kabla ya kumpa mwalimu. Hakusema kwamba babu ana haki, na bado anasema ODM ilikosea mwaka wa 2025. Huenda ni kweli. Babu naye hajabadilika. Lakini nilipofika mahali pa yule kuli wa Kilindini, kaka aliinamisha kichwa. Kesho yake jioni alirudi kutoka bandarini na kikombe cha kahawa na kipande cha kashata, akakiweka mbele ya babu bila neno. Babu alikunywa, akalalamika kuwa imepoa, wakaanza kubishana upya. Safari hii walikula pamoja.

Mimi bado sijafika umri wa kupiga kura, lakini siku hiyo haiko mbali. Je, wewe msomaji, ungekuwa Kandara mwaka wa 1966, ungebaki au ungetoka?