Bakhita: Mtumwa Aliyekuja Kuwa Mtawa



Tusikiapo habari za wito wa utawa, wengi wetu hudhani ni sauti ya usiku mmoja, na kesho yake mtu amekwisha kuvaa shela. Mwezi huu twawaletea maisha ya Josephine Bakhita, mtawa wa Kanisa Katoliki, tupate kuona kwamba sivyo.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 huko Darfur, nchini Sudani. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa. Kwa hofu alisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina la watekaji, na kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati. Aliuzwa mara kadhaa, na bibi mmoja aliyemmiliki aliamuru achanjwe mwili kwa wembe na majeraha yatiwe chumvi. Sisi ambao Kanisa Kuu letu la Unguja limejengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hatuhitaji kuelezwa mengi juu ya biashara ile.

Mwaka 1883 alinunuliwa na konsuli wa Italia mjini Khartoum, Callisto Legnani, ambaye hakumpiga. Miaka miwili baadaye alifuatana naye mpaka Italia. Huko akapewa familia ya Michieli, akawa yaya wa binti yao. Mwaka 1888 yeye na mtoto waliachwa kwa Masista Wakanosa wa Venice, naye akaanza kufundishwa dini. Tangu utoto, akitazama jua, mwezi na nyota, alikuwa akijiuliza ni nani Bwana wa vitu hivi. Sasa akafundishwa kumjua.

Bibi Michieli aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa. Halikuwa jambo jepesi, maana alimpenda sana mtoto yule. Lakini aliona kwamba akiondoka, ubatizo ataukosa. Shauri likafika serikalini, na tarehe 29 Novemba 1889 likaamuliwa kuwa sheria ya Italia haitambui utumwa. Basi Bakhita ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa Josephine Margaret Fortunata. Jina hilo la mwisho ni la Kilatini, nalo ni bahati vilevile.

Je, akawa mtawa mara moja? La. Alikaa katika nyumba ile karibu miaka minne akisali. Hamu ya utawa ilipozidi, alimfunulia padre muungamishi wake, kisha mkuu wa masista. Aliingia unovisi tarehe 7 Desemba 1893, akaweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896. Tangu siku ya uhuru wake hata nadhiri ni miaka saba.

Kuanzia mwaka 1902 alitumika katika mji wa Schio, akipika, akidarizi, akitunza vyombo vya kanisa na kuwapokea wageni mlangoni. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na mwaka 2000 Kanisa lake lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Labda mtu atauliza: aliyetoka utumwani, mbona akajiweka tena chini ya amri? Jibu ni kwamba mtumwa hutwaliwa, bali mtawa hujitoa, wala hawezi kutoa kisicho chake. Ndiyo sababu ilimpasa kwanza kuwa huru, kisha kungoja, kisha kupimwa na wengine.

Kanisa letu la Anglikana nalo lina watawa, na huenda katika mtaa wetu yumo binti au kijana anayeusikia wito huo. Na aende kwa padre wake, wala asione haya kungoja. Nasi wazazi tusimsukume kwa ajili ya sifa, wala tusimzuie kwa ajili ya mahari na wajukuu. Tumwombee, tumwache ajibu mwenyewe.