Jenerali Gordon na Jeshi Lililongojewa

Charles George Gordon alizaliwa Woolwich, karibu na London, mwaka 1833. Baba yake alikuwa askari, naye akaifuata kazi hiyo hiyo. Alipigana katika vita vya Krimea, akaongoza jeshi katika nchi ya China, na tangu 1877 hata 1879 alikuwa liwali mkuu wa Sudani kwa niaba ya Misri. Huko alijitahidi kuikomesha biashara ya watumwa, na sifa zake zikaenea mbali.

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi. Watu wengi wa Sudani walikuwa wamechoshwa na kodi na ukali wa watawala wa Misri, wakamfuata. Mwezi wa Novemba 1883 waliliangamiza jeshi kubwa la Misri. Basi Januari 1884 serikali ya Uingereza ikampeleka Gordon, ili askari na watumishi wa Misri waondolewe salama. Alichukua nyaraka mbili za Khedivi, mtawala wa Misri. Mmoja ulimfanya liwali mkuu tena. Wa pili, uliokuwa wa siri, ulisema kwamba Misri inaiacha Sudani.

Katika mji wa Berber, kando ya mto Naili, Gordon akaufunua ule waraka wa siri. Tangu hapo kila mzee wa kabila alikuwa na sababu ya kujiuliza, kuna faida gani kushikamana na serikali inayofunga mizigo yake? Wengi walioandika habari zake huhesabu tendo hilo kuwa kosa kubwa.

Aliingia Khartum tarehe 18 Februari. Siku chache baadaye akatangaza kwamba askari wa Kiingereza wako njiani, nao watafika upesi. Lakini serikali haikuwa imeamuru jeshi lolote liende Khartum. Hivyo Berber alisema kweli iliyowavunja watu moyo, na Khartum akawapa tumaini lisilokuwa na msingi.

Mwezi wa Machi simu ikakatwa na mji ukazingirwa. Hata Agosti ndipo Bunge la Uingereza lilipotoa fedha za jeshi la msaada. Mwezi wa Septemba Gordon alimtuma mwenzake, Kanali Stewart, ashuke mtoni kwa merikebu ya moshi. Stewart akauawa njiani, na barua alizochukua zikamfikia Mahdi. Basi Mahdi akamwandikia Gordon akimweleza hesabu ya askari wake na upungufu wake. Siri iliyofichwa nyuma ya maboma sasa ilikuwa mikononi mwa adui.

Mjini njaa ikazidi, hata watu wakala punda na mbwa. Kila siku Gordon alitazama mto. Alikuwa ameagiza kwamba Waingereza watakaokuja wavae makoti mekundu, ili watu wayaone kwa macho yao na kusadiki, maana maneno peke yake hayakutosha tena.

Tarehe 17 Januari 1885 jeshi la msaada lilishinda vita huko Abu Klea. Kambini kwa Mahdi mizinga ikapigwa kana kwamba wao ndio walioshinda, lakini vilio vya wanawake vikaifunua kweli. Mahdi alipojua kwamba msaada umekaribia, hakungoja. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Januari watu wake waliingia mjini, na Gordon akauawa pamoja na maelfu ya wenyeji. Siku 2 baadaye merikebu zikatokea, na ndani yake askari wachache wenye makoti mekundu. Waliuona mji umekwisha kutekwa, wakarudi.

Gordon hakukosa ushujaa. Lakini ahadi ya msaada ni kama chakula cha ghalani: kila siku hupungua, nayo isipojazwa kwa matendo huisha. Mwenye kuongoza watu na apime atakalosema, wala asiahidi kwa niaba ya mwingine jambo ambalo huyo mwingine hajakubali kulitenda.